Chuo cha Wananchi ni cha Nani?

Mwezi huu twapenda kunena juu ya vile viitwavyo Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Watu wengi wa vijijini wamelisikia jina hilo, na wengine hupita mbele ya lango la chuo kila waendapo mnadani au hospitali. Lakini ukiwauliza chuo kile kina kazi gani, wengi hujibu, "Ndipo wapelekwapo watoto waliofeli." Jibu hili limetusumbua kwa muda mrefu. Kama ni la kweli, basi chuo kimeiacha kazi yake. Na kama si la kweli, basi sisi tulio wenyewe wa chuo hatukijui. Kwa hiyo tumeona yafaa kukipima chuo hiki, wala si kwa kipimo chetu wenyewe, bali kwa kipimo cha wale waliokianzisha. Penye kustahili sifa tutasifu, na penye upungufu tutasema wazi, maana chombo kisichosemwa ubovu wake hakitengenezwi.

Kwanza yatupasa kujua asili yake. Katika nchi ya Denmark, kaskazini ya Ulaya, alikuwako mchungaji mmoja jina lake N. F. S. Grundtvig, aliyezaliwa mwaka 1783 akafa mwaka 1872. Aliona kwamba shule kubwa za siku zake huwashindilia vijana Kilatini na maneno ya vitabuni, na wakulima, ambao ndio waliokuwa wengi katika nchi, hawapati kitu. Akanena kwamba yafaa pawe na shule ya watu walio wakubwa, ambamo wakulima watakaa pamoja na walimu wao na kuzungumza kwa lugha yao wenyewe juu ya nchi yao, mambo ya kale yao na maisha yao, wala pasiwepo mtihani. Chuo cha kwanza cha namna hiyo kilifunguliwa Rødding mwaka 1844. Kisha Christen Kold, mtoto wa fundi viatu, alifungua chake Ryslinge mwaka 1851, akakaa na wanafunzi wake kama watu wa nyumba moja.

Hapa liko jambo moja ambalo twamwomba msomaji alishike, kwa sababu tutalirudia. Vijana wa mashambani walikwenda katika vyuo hivyo wakati wa baridi kali, ardhi ilipokuwa imeganda na jembe halina kazi. Wasichana nao walikwenda wakati wa joto. Chuo kiliufuata mwaka wa mkulima. Hakumlazimu mkulima mtu yeyote auache mwaka wake aufuate wa chuo.

Faida yake ilionekana upesi. Katika miaka ya 1870 nafaka nyingi za bei rahisi zilianza kuletwa Ulaya kutoka Marekani, na wakulima wa Denmark waliotegemea kuuza nafaka wakaingia katika shida. Hawakuketi kulia. Waligeukia kufuga ng'ombe na nguruwe, wakauza siagi na nyama, na mwaka 1882 wakulima wa Hjedding walianzisha kiwanda cha maziwa cha ushirika, kikawa mfano kwa wengine nchi nzima. Wengi katika walioongoza vyama hivyo walikuwa wamepita katika vyuo vile visivyo na mtihani. Hawakupewa cheti, lakini walikuwa wamejifunza kusimama mbele ya wenzao, kusema, kusikiliza, na kutunza hesabu ya mali ya watu wengi.

Jirani zao wa Sweden walianzisha vyuo vya namna hiyo mwaka 1868, na kutoka Sweden ndiko mfano huu ulikotufikia sisi. Mwalimu Julius Nyerere, alipoueleza mpango wa kwanza wa maendeleo wa miaka mitano mwaka 1964, alisema kwamba nchi haiwezi kuwangoja watoto wakue ndipo ianze kuendelea, kwa sababu matunda ya kuwasomesha watoto huchukua miaka mingi. Watu wazima ndio walio na mashamba na nyumba leo. Mwezi wa Machi 1967 alitoa maandishi yake juu ya Elimu ya Kujitegemea. Mwaka 1970 ukaitwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mwaka 1973 watu kama milioni 2 walijifunza mambo ya afya kwa vikundi, wakisikiliza redio na kujadiliana katika kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya, wakachimba vyoo na kusafisha visima. Wazee wetu wengi walijua kusoma katika miaka hiyo, chini ya miembe na katika majengo ya shule jioni.

Ndipo likazuka swali: mtu mzima akiisha kujua kusoma, asome nini, na wapi? Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilianzishwa mwaka 1975, kwa msaada wa Sweden, ili viwe jibu la swali hilo. Baadaye vikazidi hamsini katika nchi nzima. Mpango wake ulikuwa hivi: kijiji chenyewe kitachagua mtu wake, mwanamume au mwanamke, kitampeleka chuoni ajifunze ufundi, kilimo, mapishi, hesabu, au uongozi wa ushirika, kisha atarudi kijijini kwake akitumie alichokipata na kuwafundisha wenziwe. Tena chuo hakikukusudiwa kuwa ngazi ya kwendea shule nyingine. Mwanafunzi alitazamiwa kurudi kwake.

Sisi watu wa Tabora tungepaswa kulielewa neno hilo la kurudi kuliko watu wa mahali pengine, kwa sababu mbili. Sababu ya kwanza ni wapagazi. Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, babu zetu Wanyamwezi walichukua mizigo mabegani kutoka Unyanyembe hata Bagamoyo, safari ya miezi mitatu hivi, wakapita Ugogo penye jua na kiu. Njia ile ilipitisha pembe na watumwa pia, wala hatutaki kuipamba. Lakini waliokwenda kwa hiari walikuwa na desturi yao: wengi walishuka pwani baada ya mavuno, wakajitahidi kurudi kabla ya mvua, ili wawahi kulima. Walikwenda mbali, wakaona mengi, wakarudi na nguo, majembe na habari za ulimwengu. Hata hivyo shamba halikuachwa. Safari iliufuata mwaka wa mkulima, kama vile vyuo vya Denmark vilivyoufuata.

Sababu ya pili ni kinyume cha hiyo. Tabora imepata sifa kubwa kwa shule zake. Shule ya Serikali ya Tabora, iliyoanzishwa katika miaka ya 1920, kwanza ilikusudiwa hasa kwa watoto wa watemi. Nyerere mwenyewe alisoma hapo, kisha akafundisha katika shule ya Wamisionari Wakatoliki ya St. Mary's, papa hapa Tabora, tangu 1946 hata 1949. Shule hizi zimeleta heshima, nasi twazishukuru. Lakini elimu yake ilikuwa ya kumtoa kijana katika kijiji chake na kumpeleka mjini, na mara nyingi hakurudi ila kwa mazishi. Kwa hiyo mzazi wa Unyamwezi amezoea kudhani kwamba elimu iliyo njema ni ile imwondoayo mtoto. Chuo cha wananchi kilikuja kusema jambo jingine, na hata leo masikio yetu hayajalizoea.

Sasa tuvitazame vyuo vyenyewe katika mkoa wetu. Viko vitatu: cha Urambo, cha Sikonge, na cha Mwanhala katika wilaya ya Nzega. Mkoa wetu ni mkubwa kupita mikoa yote ya Tanzania, kilomita za mraba zaidi ya 76,000, na hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba tumezidi milioni 3 na laki 3. Vyuo vitatu kwa nchi pana hivi ni kama visima vitatu katika pori. Katika vyuo vya namna hii hufundishwa useremala, uashi, ushonaji, umeme wa majumbani, ufundi wa magari, uchomeleaji vyuma, mapishi, kilimo na ufugaji. Ziko kozi ndefu za miaka miwili, na ziko kozi fupi za majuma au miezi michache.

Tuanze na sifa. Ukipita katika vijiji vyetu utaona milango na madirisha yaliyotengenezwa na mafundi waliotoka vyuoni. Utaona vyerehani barazani, na sare za watoto wa shule zimeshonwa papo hapo kijijini, hazikuagizwa mjini. Siku hizi umeme umefika katika vijiji vingi, na maji ya Ziwa Victoria yamefika Tabora, Nzega na Igunga. Kwa hiyo mafundi wa nyaya na wa mabomba wanatakiwa kila siku. Bila vyuo hivi vijana wetu wangesimama kando wakitazama wageni wakifanya kazi hizo.

Sifa nyingine ni kubwa zaidi. Kwa miaka mingi msichana aliyepata mimba alifukuzwa shuleni, na mlango ukafungwa nyuma yake. Hata kabla Serikali haijatangaza mwezi wa Novemba 2021 kwamba wasichana hao waweza kurudi katika shule za kawaida, vyuo vya wananchi vilikuwa vimekwisha kuanza kuwapokea. Mpango uitwao Elimu Haina Mwisho huwapa nafasi wanawake vijana walioiacha shule: husoma masomo ya sekondari kwa muda mfupi, hujifunza na ufundi, na watoto wao wadogo hutunzwa papo hapo chuoni, wakicheza na kujifunza wakati mama zao wamo darasani. Hapa chuo kilimtazama mwanafunzi kama alivyo. Hakikumwambia, "Mwache mtoto wako ndipo uje". Kilimjengea mtoto mahali. Jambo hili twalisifu kwa moyo wote, na tena twalitaja kwa sababu litatusaidia katika lawama tutakazotoa.

Lawama yetu ya kwanza ni juu ya majira. Kozi ndefu, kwa desturi, huanza mwezi wa Januari, kama shule nyingine zote. Basi, msomaji aliye mkulima na autafakari mwezi wa Januari katika nchi yetu. Mvua zetu huanza mwezi wa Novemba zikaendelea hata Aprili. Januari mahindi yataka palizi. Tumbaku imesimama shambani, yataka kupaliliwa, kukatwa vilele, na punde majani ya kwanza yataiva, yachumwe, yatungwe, yaingizwe katika bani na kuchochewa moto usiku na mchana. Mkulima gani aweza kuiacha kazi hiyo akakae bwenini? Labda aliye na watumishi. Mwenye jembe lake na mke wake tu hawezi. Kwa hiyo kozi ya kilimo yafundishwa wakati ule ule ambapo mkulima hawezi kuja kuisikiliza, na wanaoketi darasani ni vijana ambao hawajapata shamba.

Kinyume chake, kati ya mwezi wa Julai na Septemba, mazao yakiisha kuingia ghalani na tumbaku ikiisha kupelekwa sokoni, watu wetu wana nafasi. Ndiyo miezi ya arusi, ya ngoma, ya kujenga nyumba na kutembelea ndugu. Ndiyo miezi ambayo babu zetu walikuwa njiani wakienda pwani. Miezi hiyo ingefaa kuwa miezi ya chuo cha mkulima. Tulichokichukua Ulaya ni jina la chuo na mabweni yake. Ile busara ya majira, iliyokuwa moyo wa jambo lenyewe, tuliiacha huko.

Lawama yetu ya pili ni juu ya cheti. Vyuo hivi vilianza chini ya Wizara ya Elimu, vikapelekwa katika wizara ya maendeleo ya jamii mwanzoni mwa miaka ya 1990, na katika miaka ya karibuni vikarudishwa kwa Wizara ya Elimu. Kadhalika tangu miaka ya 2010 vingi vimeanza kufuata mitaala ya ufundi ya VETA, na wanafunzi hufanya mitihani ya kitaifa. Hatusemi kwamba hilo ni baya. Fundi wa umeme asiyejaribiwa aweza kuichoma nyumba ya mtu, na kijana atafutaye kazi ataulizwa cheti popote aendapo. Lakini yafaa tuone ni nini kilichofuata. Mara mtihani ukiisha kuwa kipimo cha chuo, mwalimu mkuu husifiwa kwa hesabu ya waliofaulu. Mwanamke wa miaka arubaini anayetaka kujifunza kwa majuma manne tu, asiyetaka mtihani, haongezi kitu katika hesabu hiyo. Hakuna anayemfukuza, ila polepole hakuna anayemkumbuka.

Twamjua mama mmoja wa namna hiyo, mkulima wa tumbaku na mfugaji wa nyuki, ambaye wenziwe wa kikundi walimchagua awe mtunza fedha. Alijua kusoma na kuandika, lakini hakujua kupanga daftari la mapato na matumizi. Mwezi wa Julai alipanda baiskeli akaenda katika chuo kimoja, ambacho hatutakitaja, akauliza kama aweza kufundishwa. Akaambiwa kwa adabu kwamba nafasi zitatangazwa mwisho wa mwaka, na kwamba alete cheti chake cha kumaliza shule. Akarudi nyumbani. Kikundi kile kilivunjika mwaka uliofuata, si kwa wizi, bali kwa sababu wanachama walikosa imani katika hesabu wasizoziona zimeandikwa vizuri. Twasema chuo kingeweza kukiokoa kikundi kile kwa mafunzo ya siku kumi.

Labda mtu atajibu, "Mwalimu, dunia ya leo ni dunia ya vyeti, mnataka vijana wetu wabaki nyuma?" Hatutaki hivyo. Lakini Serikali imekuwa ikijenga vyuo vya VETA katika wilaya nyingi, na kazi ya vyuo hivyo ndiyo hasa hiyo ya ufundi wenye cheti. Kama chuo cha wananchi nacho kitafanya kazi hiyo tu, basi tutakuwa na vyuo viwili vya kazi moja, na kazi ya pili haitakuwa na mwenyewe. Ndugu wawili wakienda wote kuchota maji, nani atasonga ugali?

Lawama yetu ya tatu ni juu ya mambo yanayofundishwa. Nchi yetu ni nchi ya miombo, ya asali na ya tumbaku, na vitu hivi vitatu vimefungamana. Tumbaku hukaushwa kwa kuni, na kuni hutoka katika msitu. Nyuki hupata chakula katika maua ya msitu ule ule. Mkulima anayeukata msitu kwa ajili ya bani anaukata na mzinga wa jirani yake. Tena mizinga yetu ya asili ya magome humaliza miti, maana mti uliobanduliwa gome hufa. Haya ndiyo mambo makubwa ya Urambo na Sikonge: jinsi ya kujenga bani litumialo kuni chache, jinsi ya kupanda miti ya kuni mapema, jinsi ya kutumia mizinga isiyoua mti, jinsi ya kuisoma karatasi ya mkopo wa mbolea na kujua mapema deni litakula kiasi gani cha fedha za mauzo. Mtu aweza kumaliza kozi nzima iliyopangwa kwa ajili ya nchi yote, kuanzia pwani hata ziwani, asiyasikie mambo haya hata mara moja.

Hatusemi kwamba walimu wa vyuo hawana maarifa. Twasema kwamba maarifa yasiyomwuliza mwenye shamba ni ya hatari, na Urambo pana ushahidi wake. Mwaka 1947 Serikali ya Waingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Zililetwa mashine kubwa kufyeka msitu, na watu wenye elimu ya juu, na haraka nyingi. Lakini hawakujaribu kwanza kwa kiasi kidogo, wala hawakuwauliza vya kutosha wenyeji wanaoijua mvua na udongo wao. Mwaka 1951 mradi uliachwa, na hasara yake ilikuwa kama pauni milioni 36. Mkulima wa Urambo aliyelima karanga kwa jembe la mkono tangu utoto angeweza kuwaambia jambo moja au mawili bila malipo. Chuo cha wananchi kilianzishwa ili kosa la namna hiyo lisirudiwe, maana ndani yake mkulima na mwalimu wangeketi pamoja na kila mmoja kumfundisha mwenzake. Mwalimu asiyejifunza kitu kwa wanafunzi wake wazima amekosa nusu ya kazi yake.

Sasa tuigeuze fimbo ituguse na sisi wanakijiji, kwa kuwa si haki kulaumu upande mmoja. Mpango wa kwanza ulisema kijiji kichague mtu wake na kumpeleka. Ni lini mkutano wa kijiji chako, ndugu msomaji, ulipokaa kuchagua mtu wa kupelekwa chuoni? Tumeliacha jambo hili kwa kila mzazi na mfuko wake. Na mzazi, mtoto wake mmoja akifaulu na mwingine akifeli, humwambia yule aliyefeli kwa hasira, "Wewe utakwenda chuo cha wananchi!" kana kwamba ni kifungo. Mtoto huyo ataingia darasani akiwa na aibu, na akimaliza hatapenda kurudi kijijini alikotukanwa. Atakwenda mjini kutafuta mahali ambapo hakuna anayejua habari zake. Kisha twalalamika kwamba chuo hakileti faida. Ng'ombe tumemnyima majani, tena twamlaumu hatoi maziwa.

Kadhalika kijana fundi akirudi kijijini na msumeno wake, mara ngapi twamwita atutengenezee meza na kumlipa kwa maneno? Twasema, "Huyu ni mtoto wetu, tutamlipa tukiuza tumbaku." Fundi wa mjini twamlipa papo hapo. Basi kijana ana akili. Anaona ni wapi ufundi wake una thamani.

Yako majibu mawili ambayo watu wa chuo hutoa, nayo yana haki ya kusikilizwa. La kwanza ni kwamba fedha hazitoshi: majengo mengi ni ya zamani, vifaa ni vichache, walimu ni wachache. Hili ni kweli, nasi hatulidharau. Lakini kubadili mwezi wa kuanza kozi hakuhitaji jengo jipya. Mwalimu wa kilimo kwenda kukaa majuma mawili katika kijiji cha mbali mwezi wa Agosti, akalala katika nyumba ya mwenyeji na kufundisha katika jengo la shule wakati wa likizo, ni kazi ya baiskeli na posho kidogo. Katika mkoa wenye vyuo vitatu tu, chuo kikingoja watu wakifuate, wengi hawatakifikia kamwe. Kikiwafuata wao, hata aliye mpakani mwa Kaliua atajua kwamba ni chake.

Jibu la pili ni kwamba watu wazima hawaji hata wakiitwa. Hapa ndipo tunapoukumbuka mpango wa akina mama vijana. Walisemwa vivyo hivyo, kwamba hawataki shule tena. Chuo kilipowajengea watoto wao mahali, walikuja. Haikuwa kwamba hawakutaka. Ulikuwako mzigo mgongoni ambao hakuna aliyefikiri kuupokea. Mzigo wa mama kijana ni mtoto wake. Mzigo wa mkulima ni shamba lake na majira yake. Vyuo vilivyoweza kuupokea mzigo wa kwanza vyaweza kuupokea na wa pili.

Kwa hiyo shauri letu ni hili. Kozi za vyeti na ziendelee kama zilivyo kwa vijana wanaozihitaji. Lakini kila chuo na kitenge miezi ya kiangazi, tangu Julai hata Septemba, iwe miezi ya watu wazima, kwa kozi fupi zisizo na mtihani wala sharti la cheti, ila kujua kusoma na kuandika. Na asiyejua afundishwe hapo hapo. Mambo ya kufundishwa yaulizwe vijijini mwezi wa Mei, kwa wenye vyama vya msingi, vikundi vya nyuki, na wanawake wa vikundi vya kuweka akiba. Na chuo kinapotoa habari zake za mwaka, pamoja na hesabu ya waliofaulu mitihani, kitoe na hesabu ya watu wazima waliopita humo, na vijiji walivyorudi. Kinachohesabiwa ndicho kinachotunzwa. Mfugaji anajua hivyo.

Na vijiji navyo vifanye sehemu yake. Mkutano wa kijiji wa mwezi wa Juni na uchague watu wawili au watatu, uwachangie nauli na ada, na wenzao wawasaidie mashamba yao ikiwa lazima. Wakirudi, wasimame mbele ya mkutano waeleze walichojifunza. Wenyeviti na madiwani wetu wakienda chuoni, wasiulize tu, "Wamefaulu wangapi?" Waulize, "Mwaka huu amekuja nani ambaye hana cheti, na alipoondoka alikwenda wapi?"

Swali hilo moja latosha kukipima chuo. Chuo kinachoweza kulijibu kwa majina ya watu na ya vijiji kingali chuo cha wananchi, hata kama mabati yake yana kutu. Kisichoweza ni shule njema tu, na shule njema tunazo nyingine. Mwezi wa Juni ukifika, wasomaji wetu wa Urambo, Sikonge na Nzega waweza kuanza kwa kupeleka mtu mmoja langoni, wakamwandikia mkuu wa chuo barua ya kueleza anataka kujifunza nini na kwa siku ngapi. Nasi tutafurahi kupata habari ya majibu watakayopewa.